Meza ya taa ya zamani, taa mpya za LED: mwongozo kamili wa kuvifanya vielewane

Swali linalorudi kila mara ni hili: meza ya taa (ile ya kuongozea taa za jukwaa) inawaka, vitelezi vinasogea, kyuu zote (picha za mwanga zilizohifadhiwa) zipo, lakini taa mpya hazitii. Zinapepesa. Zinabaki na mng'ao hafifu pale jukwaa linapotakiwa kuwa giza. Nyingine hubadilika rangi kitelezi kikuu (kile kinachoshusha taa zote kwa pamoja) kinaposhushwa.

Wengi hukimbilia kununua kibadilishi (kisanduku cha kugeuza ishara ya aina moja kuwa ya aina nyingine), kisha cha pili, kisha wanaitangaza meza kuwa imekufa. Mara nyingi meza haina ubaya wowote. Inaendelea kufanya kile ilichotengenezewa, yaani kuongoza dima (vifaa vya kuongeza na kupunguza mwanga) za balbu za moto, na hakuna aliyeiambia kwamba upande wa pili sasa kuna kitu kingine. Kazi yako ni kuijua inasema nini, kuhakikisha maneno yake yanafika, kisha kuipanga upya ili iache kuitendea LED kama balbu.

Fuata hatua kwa mpangilio. Anayeruka ya kwanza ndiye anayelia baadaye.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Multimita ya kawaida inayopima volti na omu.
- Bisibisi, chuma cha kulehemu, risasi ya kulehemu na waya wa kufyonza risasi.
- Betri mpya inayolingana na ile iliyo ndani ya meza (utaijua aina yake ukifika hatua ya 2, kwa hiyo usinunue bado).
- Pombe ya isopropili, siki nyeupe kidogo, mswaki mkuukuu.
- Dawa ya kusafishia vitelezi, ile inayoacha ulainisho. Si dawa ya kuondoa kutu kwenye vyuma.
- Flopi 2 au 3 za inchi 3.5 zinazofanya kazi, kama meza yako inazitumia.
- Kebo ya DMX (lugha ya kidijitali ambayo meza huitumia kuongoza taa) ya kweli, yenye ukinzani bia wa omu 120. Kebo ya maikrofoni haitoshi, na sababu yake iko hatua ya 5.
- Plagi ya kikomo, ambayo wengine huiita tamineta: plagi ya XLR (ile ya duara inayotumiwa pia na maikrofoni) yenye rizista ya omu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3.
- Splita ya DMX (kisanduku kinachogawa laini moja kuwa kadhaa) ambayo kila tundu lake la kutokea limetengwa kiumeme na lile la kuingilia.
- Taa moja ya LED. Moja tu.
- Simu ya kupigia picha, daftari na kalamu.

Nodi ya mtandao (kifaa cha kuunganisha DMX na mtandao wa kompyuta), kibadilishi cha itifaki na kiigizo cha flopi usivinunue sasa. Huenda huvihitaji.

## Hatua ya 1: Okoa kumbukumbu kabla ya kugusa kitu

Kama meza inawaka sasa hivi, iache iwake. Meza nyingi za miaka ya 1980 na 1990 hutunza kyuu na pachi (orodha ya chaneli ipi inaongoza taa ipi) kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo. Betri hiyo ikiwa imekufa, data inashikiliwa na umeme wa ukutani peke yake, na siku utakapozima ndipo kila kitu kitakapopotea.

Hifadhi onyesho zima kwenye flopi mbili tofauti. Kisha piga picha za skrini: ukurasa wa pachi, orodha ya kyuu pamoja na muda wake wa kupanda na kushuka, na yaliyomo katika kila kitelezi cha kundi. Ni kazi ya kuchosha, lakini picha husomeka hata flopi ikioza.

Angalia kama meza ina njia ya kutoa onyesho kwa maandishi ya ASCII (maandishi ya kawaida ya kompyuta) kwa mpangilio wa USITT, chama cha Marekani cha teknolojia ya jukwaa. Faili hilo hufunguka kwenye kompyuta yoyote, na meza kadhaa za kisasa zinaweza kulisoma.

Tahadhari: menyu ya flopi kwenye meza nyingi huweka amri ya kuhifadhi jirani kabisa na amri ya kufuta. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Utajuaje umefaulu: badili kiwango cha kyuu moja usiyoijali, rudisha onyesho kutoka kwenye flopi ya pili, uone kama kiwango cha awali kimerudi. Kama hujajaribu kuirudisha, ihesabu kwamba bado huna nakala.

## Hatua ya 2: Fungua meza, anza na betri

Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, subiri dakika 10. Katika nchi zenye umeme wa volti 230, kapasita kubwa ya ugavi wa umeme wa kisasa kidogo (ule wa swichi) huchajiwa hadi zaidi ya volti 300 za mkondo mnyoofu, na inaweza kubaki na chaji baada ya kuzimwa. Pima kwa multimita kabla ya kuingiza kidole. Kama hujawahi kufanya kazi ndani ya ugavi wa umeme, sehemu hiyo mwachie fundi. Betri unaweza kuishughulikia mwenyewe.

Utakuta moja kati ya aina mbili. Kuna ya lithi, bapa kama sarafu, ambayo hukauka tu bila fujo. Na kuna ya nikeli-kadimi, mara nyingi ya volti 3.6, imelehemewa moja kwa moja kwenye bodi. Hii ya pili ndiyo mwuaji. Huvuja, na uvujaji wake ni alkali inayotafuna njia za shaba taratibu, miaka na miaka, huku meza ikiendelea kufanya kazi vizuri hadi asubuhi moja inapogoma.

Ukiona unga wa kijani au wa buluu kuzunguka betri:

1. Toa betri yote. Usiiache "kwa sasa".
2. Paka siki kidogo kwa mswaki pale tu palipoathirika. Siki ni asidi, inaua ile alkali. Ikitoa mapovu, inafanya kazi.
3. Suuza kwa pombe ya isopropili mara mbili, acha ikauke kabisa.
4. Pima kwa multimita kila njia ya shaba iliyopita chini ya ule unga. Iliyokatika iunge kwa waya mwembamba.

Betri mpya iweke mbali na bodi, kwenye kishikio chenye nyaya zake, ili ikivuja tena ivuje hewani. Usibadilishe nikeli-kadimi kwa lithi ya sarafu moja kwa moja. Saketi ya meza huichaji betri ya kwanza, na betri ya sarafu ya kawaida haitakiwi kuchajiwa kamwe. Weka nyingine ya aina ile ile au ya nikeli-metali-haidraidi yenye volti sawa.

Ukiwa ndani, tazama kichujio cha umeme pale waya wa ukutani unapoingilia. Kapasita za karatasi zenye ganda la kung'aa la rangi ya kahawia-manjano hupata nyufa zikizeeka, kisha hulipuka na kujaza chumba moshi unaonuka vibaya. Mimi ilinikuta dakika 20 kabla ya pazia kufunguliwa, na watazamaji wa mstari wa mbele walidhani ni sehemu ya mchezo. Ukiona nyufa, zibadilishwe hata kama bado zinafanya kazi.

Utajuaje umefaulu: washa meza, pima waya wa volti 5 kwenye bodi kuu. Usomaji uwe kati ya 4.75 na 5.25. Chini ya hapo meza itakuwa na "mashetani": vitufe vinavyojibonyeza, kyuu zinazoruka. Mashetani hayo huwa ni kapasita zilizokauka. Rudisha onyesho kutoka kwenye flopi, zima meza usiku kucha, washa kesho yake uone kama kumbukumbu ipo.

Vitelezi vinavyoruka ruka: tone moja la dawa kwenye ufa, sogeza juu chini mara 30. Basi.

## Hatua ya 3: Achana na flopi

Hatua hii si ya lazima leo, ila flopi hazina muda mrefu na viendeshi vyake vimeanza kushindwa kusoma hata diski nzuri. Dawa ni kiigizo cha flopi, kisanduku chenye umbo la kiendeshi kinachosoma flashi ya USB. Gotek ndiyo inayojulikana zaidi, na watu wengi huibadilisha programu ya ndani kwa kuweka FlashFloppy.

Kwanza jua diski yako ni ya ujazo gani. Ya kilobaiti 720 ina tundu moja la kuzuia kuandika, ya megabaiti 1.44 ina tundu la pili upande wa pili. Faili la taswira linapaswa kuwa na baiti 737,280 kwa ile ndogo au 1,474,560 kwa ile kubwa. Ukikosea ujazo, meza itasema diski haijaandaliwa.

Unapounganisha utepe wa nyaya 34, ukingo mwekundu uende upande wa pini ya 1. Ukiona taa ya kiigizo imewaka na haizimiki hata kidogo, utepe umegeuzwa. Hakuna kitu kitakachoungua, zima ugeuze. Kama taa haiwaki kabisa meza inapojaribu kusoma, hamisha kijampa (kiunganishi kidogo cha pini) kutoka S0 kwenda S1.

Utajuaje umefaulu: meza inaandaa "diski" tupu, inahifadhi onyesho, unazima, unawasha, inalirudisha. Nakili flashi nzima kwenye kompyuta siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 4: Jua meza inatoa lugha gani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu hutazama umbo la tundu nyuma ya meza na kuamua. Umbo hudanganya.

XLR ya pini 5. Karibu kila mara ni DMX512, na una bahati. Nenda hatua ya 5.

XLR ya pini 3. Inaweza kuwa DMX, lakini pia inaweza kuwa D54 ya kampuni ya Strand, ambayo ni ishara ya analogia iliyopangwa kwa zamu na haifanani na DMX kwa lolote. Isitoshe, tundu la namna hii hutumiwa na maikrofoni na mfumo wa mawasiliano wa wafanyakazi wa jukwaani, ambao hubeba takriban volti 30. Plagi ya mawasiliano ikichomekwa kwenye taa kwa bahati mbaya, chipu ya kupokelea DMX inaweza kuungua hapo hapo.

XLR ya pini 4. Kwenye meza yenyewe huenda ni AMX192, ishara ya analogia ya chaneli 192. Lakini tundu hilo hilo hutumika kupeleka volti 24 kwa vibadilisha rangi vya karatasi. Kabla ya kuchomeka chochote, pima. Ukikuta volti 24 tulivu kati ya pini mbili, hiyo si data.

Tundu pana lenye pini nyingi. Huenda ni analogia ya volti 0 hadi 10, waya mmoja kwa kila chaneli. Pandisha kitelezi cha 1 hadi juu, pima kati ya pini yake na waya wa pamoja. Usomaji uwe karibu na 10. Zingatia alama: baadhi ya meza, hasa za Ulaya, hutoa volti hasi, kutoka 0 hadi -10. Kibadilishi cha chanya kikipewa hasi kitakaa kimya, na wewe utadhani ni kibovu.

Sasa ndipo ununue kibadilishi, na ukitaje kwa jina la ishara inayoingia na inayotoka: kutoka AMX192 kwenda DMX512, au kutoka volti 0 hadi -10 kwenda DMX512. Ukimwambia muuzaji "cha meza ya zamani" atakupa alichonacho.

Utajuaje umefaulu: kwenye daftari una sentensi moja isiyo na "labda" kuhusu kinachotoka kwenye tundu hilo.

## Hatua ya 5: Waya

DMX512 husafiri kwa kasi ya biti 250,000 kwa sekunde juu ya jozi moja ya nyaya zilizosokotwa. Pini ya 1 ni ya pamoja, ya 2 ni data hasi, ya 3 ni data chanya. Pini za 4 na 5 kwa kawaida hazina kazi.

Dima za zamani zilikuwa na uvumilivu mkubwa. Kebo ya maikrofoni, laini bila kikomo, matawi ya Y, zote zilipita. LED za kisasa zina chipu nyepesi zinazojibu kila kosa papo hapo, na balbu ya moto iliyokuwa ikificha makosa kwa uzito wa waya wake haipo tena. Kwa hiyo waya ule ule uliofanya kazi miaka 20 unaweza kuonekana mbovu siku ya kwanza ya LED. Ulikuwa mbovu tangu zamani.

1. Toka meza hadi splita kwa kebo moja. Meza nyingi za zamani hazikutenga tundu la DMX na umeme wake wa ndani, hivyo splita ndiyo ngao yake. Hitilafu upande wa taa itaua tundu la splita na kuiacha meza salama. Chipu ya splita inapatikana, bodi ya meza haipatikani.
2. Toka kila tundu la splita, unganisha taa kwa mnyororo: ya kwanza hadi ya pili, ya pili hadi ya tatu. Usitumie Y kamwe. Kikomo cha kiwango ni vipokezi 32 kwa laini moja. Mimi huishia kwenye 20.
3. Chomeka plagi ya kikomo kwenye taa ya mwisho ya kila laini.
4. Skrini ya kebo (wavu wa chuma unaozunguka nyaya) isiguse ganda la chuma la plagi.

Kipimo ninachokipenda, kwa sababu hakihitaji kifaa cha maana: chomoa kebo kwenye splita, pima omu kati ya pini ya 2 na ya 3 upande huo, taa zote zikiwa zimezimwa. Ukipata karibu na 120, laini ni nzima hadi mwisho. Ukipata karibu na 60, kuna vikomo viwili, pengine taa fulani ina swichi yake ya kikomo iliyowashwa. Ukipata maelfu, kebo imekatika au kikomo hakipo. Karibu na 0, plagi fulani imelehemewa vibaya.

Taa moja kwenye mnyororo ikifanya vituko na wenzake wako sawa, shuku pini za 2 na 3 zilizobadilishana. Baadhi ya taa za zamani za pini 3 zilitoka kiwandani zikiwa hivyo.

## Hatua ya 6: Taa moja, anwani 1

Chomoa zote. Weka taa moja ya LED, anwani 1 (yaani chaneli yake ya kwanza iwe 1), kwenye umeme wa moja kwa moja.

Narudia, umeme wa moja kwa moja. Usiilishe LED kutoka kwenye dima, hata dima ikiwa kwenye asilimia 100. Dima hukata wimbi la umeme, na ugavi wa ndani ya LED haukutengenezewa wimbi lililokatwa. Utasikia mlio, kisha baada ya wiki au miezi taa itakufa na mwenye duka atakataa dhamana. Kama soketi za jukwaa zote zinatoka kwenye dima, moduli husika ibadilishwe kuwa ya relei (swichi ya kuwasha na kuzima tu), au vuta laini mpya.

Taa za zamani kidogo hupangiwa anwani kwa swichi 9 ndogo zenye thamani 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128 na 256. Anwani 37 ni 32 na 4 na 1.

Pandisha chaneli 1, 2 na 3 moja moja. Zikifuata bila kupepesa, njia imekamilika.

Zikipepesa huku waya ukiwa umepimwa na uko sawa, huenda shida ni muda. Toleo la kwanza la DMX512, la 1986, liliruhusu alama fupi ya mikrosekunde 4 kati ya mapumziko na data. Marekebisho ya 1990 yaliipeleka hadi 8. Meza ya kabla ya hapo inaweza kutoa 4, na vipokezi vingine hupitwa. Dawa ni kifaa kinachopokea data, kuihifadhi, kisha kuitoa upya kwa muda wake chenyewe. Splita ya kawaida hukuza tu, haitengenezi upya. Nodi ya mtandao ya hatua ya 8 hufanya hivyo bila wewe kuomba.

Kitu kimoja usikitegemee: RDM, ile njia ya kupanga anwani za taa ukiwa kwenye kiti. Ilikuja 2006 na inahitaji mazungumzo ya kwenda na kurudi. Meza yako husema tu, haisikilizi. Anwani utaziweka kwa kupanda ngazi.

## Hatua ya 7: Ifundishe meza kwamba LED si balbu

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo pa kutulia. Kila tatizo lina sababu yake.

LED haizimiki kabisa. Meza za zamani mara nyingi ziliwekewa kiwango cha chini, asilimia 5 au 10, ili kupasha moto nyuzi za balbu zisikatike zinapowashwa ghafla. Balbu kwenye asilimia 5 haionekani. Kwa LED kwenye asilimia 5 unaweza kusomea kitabu. Fungua ukurasa wa profaili au mikunjo ya dima (uhusiano kati ya kitelezi na mwanga), peleka kiwango cha chini cha chaneli za LED kwenye 0.

Mwanga unakuja wote mwishoni mwa kitelezi. Mikunjo miwili imerundikana. Meza ikiwa kwenye mkunjo wa mraba, nusu ya kitelezi hutoka kama asilimia 25. Taa nayo ikiwa na mkunjo wake wa mraba, hiyo 25 inakuwa takriban 6. Chagua mahali pamoja pa mkunjo. Mimi huacha meza iwe mstari mnyoofu na kuipa taa kazi hiyo, kwa sababu taa huhesabu ndani kwa hatua nyingi zaidi.

Kitelezi kikuu kikishuka, mwanga unaporomoka haraka mno au rangi inapotea. Taa iko kwenye hali ya chaneli 4: mwangaza, nyekundu, kijani, buluu. Meza haijui tofauti, inashusha zote nne. Kwenye nusu, mwangaza ni nusu na rangi pia ni nusu, na taa huzizidisha: unabaki na robo. Una njia mbili.

Ya kwanza, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa meza ndogo: iweke taa kwenye hali ya chaneli 3, rangi tupu bila chaneli ya mwangaza. Kitelezi kikuu kitashusha rangi zote tatu kwa uwiano ule ule, rangi itabaki ile ile, na mwanga utashuka kama inavyopaswa. Meza ya 1990 inaiongoza taa hiyo vizuri bila kujua.

Ya pili: kama meza inaruhusu chaneli huru zisizoguswa na kitelezi kikuu, zitangaze chaneli za rangi kuwa huru na uache ya mwangaza peke yake chini yake.

Taa inamulika kama radi katikati ya kyuu. Chaneli ya strobu ipo kwenye pachi na inapanda pamoja na nyingine. Iondoe kwenye pachi. Nafasi isiyopangiwa chaneli hutoka kama 0. Ila soma kijitabu cha taa kwanza, maana kwa baadhi ya taa 0 kwenye chaneli hiyo ni "funga kabisa".

Nyekundu na buluu zinakuwa zambarau. Hapa hakuna kibovu. Kwenye vitelezi vya makundi meza huchagua thamani iliyo juu zaidi, kwa hiyo kundi jekundu likikutana na kundi la buluu vyote viwili vinawaka. Mabadiliko ya rangi yaandike kwenye kyuu, ambapo picha mpya hufuta ya zamani, na vitelezi vya makundi viachie mwanga mweupe na taa za kawaida.

Kushuka polepole kunaonekana kama ngazi. Kila chaneli ina thamani 256. Kushuka kutoka asilimia 10 hadi 0 ni hatua kama 26. Zigawe kwa sekunde 60, kila hatua inakaa zaidi ya sekunde 2 na jicho linaihesabu. Meza haiwezi kulainisha zaidi ya hapo. Tafuta kwenye menyu ya taa mpangilio wa kasi ya mwitikio, uweke ule wa polepole au unaoiga balbu.

Chaneli hazitoshi. Meza ya chaneli 48 inabeba taa 16 za chaneli 3, na umemaliza. Lakini jukwaa halihitaji kila taa iwe na akili yake. Taa 6 zinazomulika ukuta wa nyuma zipe anwani moja; zitasogea pamoja na kutumia chaneli 3 tu.

Na taa zinazogeuza shingo? Ushauri wangu ni mfupi: usizipitishe kwenye meza ya vitelezi. Kitelezi kikuu kikishuka, chaneli za shingo nazo zinakwenda 0, na taa inageukia ukutani mbele ya watu. Zinunulie kiongozi kidogo cha kwao, kisha ziunganishe kwa njia ya hatua inayofuata.

## Hatua ya 8: Kuingia kwenye mtandao, kama unalazimika

Unahitaji nodi yenye tundu la DMX unaloweza kuligeuza kuwa la kuingilia. Nodi nyingi hutoka dukani matundu yote yakiwa ya kutokea. Usipoligeuza, meza na nodi zitakuwa zinapigiana kelele kwenye waya mmoja.

Chagua itifaki moja ya kubeba DMX mtandaoni, sACN au Art-Net, na uitumie kote. Kama vifaa vyako vinaruhusu zote, chukua sACN: ina viwango vya kipaumbele kutoka 0 hadi 200, chaguo-msingi likiwa 100. Meza ya zamani iache kwenye 100, kile kiongozi cha pili kipe chaneli zake kwenye ulimwengu mwingine (kundi jingine la chaneli 512). Ukichanganya itifaki mbili, kumbuka kwamba sACN huhesabu ulimwengu kuanzia 1 na Art-Net kuanzia 0. Hitilafu ya namba moja imewapotezea watu usiku mzima.

Vifaa vyote viwe kwenye familia moja ya anwani, mfano 10.0.0.11, 10.0.0.12, na kinyago cha mtandao (subnet mask) 255.255.255.0. Mtandao huu uwe wa taa peke yake.

Swichi ya mtandao yenye akili ikiwa na uchujaji wa IGMP (itifaki inayopanga kifaa kipi kipokee data ya kundi) lakini hakuna kifaa kinachouliza maswali ya IGMP, sACN hufanya kazi dakika chache kisha hufa kimya kimya. Washa kiulizi hicho kwenye swichi, au zima uchujaji. Kwa mtandao mdogo, swichi ya kawaida isiyo na mipangilio inatosha.

Utajuaje umefaulu: fungua programu ya bure kama sACNView kwenye kompyuta iliyounganishwa, tazama ulimwengu wa 1, pandisha kitelezi cha 1. Namba ipande kutoka 0 hadi 255, ikifuata mkono wako.

## Hatua ya 9: Skrini

Tundu la skrini la meza lenye pini 15 ni VGA, skrini nyingi bado zinalikubali au kibadilishi kidogo cha kwenda HDMI kinatosha. Tundu la pini 9 ni la zamani zaidi, lenye mistari inayopigwa kwa takriban kilohezi 15 badala ya 31 za VGA, na skrini ya kisasa itasema "hakuna ishara". Hapo unahitaji bodi ya kubadilisha masafa kama GBS-8200, na plagi utakayoilehemu mwenyewe kwa kufuata mchoro wa meza yako.

## Usiku wa kuamkia onyesho

Washa kila kitu, weka kyuu yenye mwanga mwingi kuliko zote, uache saa 2 nzima. Kapasita dhaifu na chipu zenye joto hujitokeza hapo, si katika dakika 5 za majaribio. Kisha peleka kitelezi kikuu chini na utembee jukwaani gizani ukitafuta mng'ao uliobaki. Ukiuona, andika anwani ya taa hiyo na urudi hatua ya 7, kwenye kiwango cha chini.

Bandika ndani ya kifuniko cha meza karatasi yenye pachi, namba za anwani, aina ya betri na tarehe uliyoiweka.